Rangi ya mafuta ufukweni: kukawia kukauka si kasoro

Wengi huamini rangi ya mafuta haifai kuchorea pwani ya miamba, kwa kuwa hukawia kukauka ilhali maji na mwanga havisubiri. Kumbe kukawia huko ndiko kunakomfaa mchoraji. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo kwa kawaida huchanganywa katika rangi hii, hayakauki kwa kupoteza maji. Hufyonza oksijeni hewani na kuwa magumu polepole, hivyo povu la wimbi hupakwa juu ya rangi ambayo bado mbichi, na kingo zikalainika. Ubao mdogo wa kuchorea nao hujaa kabla kivuli cha jabali hakijahama mbali. Kero hasa ni upepo: mchoro wa mchoraji Mfaransa Claude Monet wa ufukwe wa Trouville, Ufaransa, wa 1870, ungali na chembe za mchanga zilizonasa kwenye rangi. Zikinasa kwenye wako, usizifute. Ngoja ikauke, ndipo uzikwangue.