Damu ikisema "haikuonekana": dhana potofu kuhusu kipimo cha ctDNA

Majibu ya kipimo cha damu cha saratani huja na kurasa kadhaa, lakini jicho la mgonjwa hutua kwenye neno moja: "haikuonekana". Kufikia jioni ndugu wote wameshapigiwa simu, na neno limebadilika njiani likawa "amepona". Naanzia hapo, maana katika dhana zote zinazozunguka kipimo hiki, naona hii ndiyo inayoumiza watu zaidi.

Kwanza kipimo chenyewe. Seli zinapokufa humwaga vipande vya DNA kwenye damu. Kuwepo kwa DNA inayoelea hivyo kwenye damu kulielezwa na watafiti Mandel na Métais huko Ufaransa mwaka 1948. Kwa mwenye saratani, baadhi ya vipande hivyo hutoka kwenye uvimbe, na ndivyo vinavyoitwa ctDNA. Havikai sana: ndani ya saa mbili hivi, nusu yake huwa imeshaondolewa mwilini. Ndiyo maana sampuli ya leo hueleza habari za leo, si za mwezi uliopita.

"Majibu ni hasi, basi saratani imekwisha"

Tupige hesabu ya tyubu moja. Damu ya mililita 10 ikizungushwa kwenye mashine hutoa plazma, yaani majimaji ya damu bila seli, kama mililita 4. Kila mililita ya plazma ina takriban nanogramu 5 za DNA huru, yaani ile iliyomwagwa na seli, ambazo ni sawa na nakala 1,500 hivi za jenomu (seti nzima ya DNA) ya binadamu. Tyubu nzima basi ina nakala kama 6,000. Sasa chukulia kwamba masalia ya uvimbe yanachangia kipande kimoja tu katika kila 10,000. Ukitafuta badiliko moja la jeni, zaidi ya nusu ya tyubu za namna hiyo hazitakuwa nacho hicho kipande kabisa. Mashine iwe bora kuliko zote duniani, kisichomo kwenye tyubu haiwezi kukisoma.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya maabara huanza na kinyama kilichotolewa wakati wa upasuaji, huchagua mabadiliko kadhaa ya uvimbe wa mgonjwa huyo, tuseme 16, kisha huyasaka yote kwa pamoja kwenye damu. Nyavu 16 hunasa kuliko wavu mmoja, ila bado ni nyavu, na nyavu zina matundu.

Tena uvimbe nao hutofautiana kwa ukarimu. Wa ubongo hutoa kidogo mno kwenye damu kwa sababu ya kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Maji ya uti wa mgongo hueleza mengi zaidi. Saratani ya figo ni bahili. Ile ya utumbo mpana ikisambaa kwenye ini huonekana kirahisi, lakini ikijishika kwenye utando wa tumbo peke yake yaweza kukupita. Jibu hasi baada ya upasuaji ni habari njema kweli, kwa sababu hatari ya ugonjwa kurudi inakuwa imeshuka. Lakini kushuka na kuisha ni mambo mawili, na ratiba ya picha na kliniki inabaki palepale.

"Siku hizi hakuna haja ya kutoboa uvimbe"

Juni 2016, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kutafuta mabadiliko ya jeni ya EGFR kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Maelekezo yake yenyewe yalisema kwamba damu isipoonyesha badiliko, kinyama kipimwe. Yaani jibu chanya linatosha kumpa mtu dawa, lakini jibu hasi halitoshi kumnyima.

Kuna jambo jingine ambalo damu inaweza kulikosa. Mgonjwa wa EGFR anameza vidonge miezi mingi, kisha dawa inaacha kufanya kazi. Mara chache sababu huwa kwamba uvimbe umegeuka na kuwa saratani ya seli ndogo, ambayo tiba yake ni tofauti kabisa. Kwenye damu, badiliko la EGFR bado lipo kama kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mgeuko huo huonekana pale mpatholojia anapoweka kinyama chini ya hadubini.

Kwa upande mwingine, zipo nyakati damu hushinda kinyama waziwazi. Saratani ya titi iliyotibiwa kwa dawa za homoni inaweza kuota mabadiliko ya jeni ya ESR1 miaka baadaye. Kinyama kilichohifadhiwa tangu siku ya upasuaji hakitakuwa nayo. Dawa ya elacestrant ilipoidhinishwa Januari 2023 kwa wagonjwa wenye mabadiliko hayo, iliambatana na kipimo cha damu.

"Badiliko lililoonekana kwenye damu ni la uvimbe"

Sehemu kubwa ya DNA huru kwenye plazma hutoka kwenye seli za damu. Kadiri umri unavyosogea, baadhi ya seli mama za damu hupata mabadiliko yake zenyewe, hasa kwenye jeni za DNMT3A na TET2, na wakati mwingine TP53 au ATM, bila mtu kuwa na saratani ya damu. Kipimo hakijui badiliko limetoka wapi. Chenyewe huliandika tu. Kwa mwenye saratani ya tezi dume hatari yake si ndogo: badiliko la ATM lililotoka kwenye seli nyeupe linaweza kudhaniwa kuwa la uvimbe, naye akaanzishiwa dawa isiyolenga ugonjwa wake. Dawa ya tatizo hili inajulikana: seli nyeupe za tyubu ileile zisomwe sambamba na plazma. Si kila maabara hufanya hivyo, na mimi ningeuliza kabla ya kunyoosha mkono.

"Ikionekana mapema, dawa zaidi, kupona zaidi"

Hapa ushahidi umegawanyika, na anayekupa jibu moja kwa saratani zote anakudanganya. Utafiti wa DYNAMIC wa Australia, uliochapishwa 2022, ulihusisha watu 455 wenye saratani ya utumbo mpana ya hatua ya pili. Katika kundi lililoongozwa na ctDNA, waliopewa tibakemikali walikuwa asilimia 15. Katika kundi la utaratibu wa kawaida, asilimia 28. Baada ya miaka miwili, walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 93.5 katika kundi la ctDNA na 92.4 katika lile la kawaida. Faida iliyopatikana hapo ilikuwa kuwaepusha watu na sumu wasiyoihitaji.

Hatua ya tatu ilileta hadithi nyingine. Utafiti wa DYNAMIC-III, mwaka 2025, uliwaongezea dawa kali zaidi waliokuwa chanya, lakini hilo halikupunguza ugonjwa kurudi. Kisha mwaka huohuo utafiti wa IMvigor011 ukaonyesha kwamba waliotolewa kibofu cha mkojo kwa saratani na wakawa chanya kwenye damu waliishi muda mrefu zaidi walipopewa atezolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kuliko waliopewa dawa tupu ya kulinganishia. Kujua mapema kuna maana pale tu ambapo kuna dawa inayoweza kufanya kitu na hiyo habari. Swali la kumuuliza daktari kabla ya kipimo ni hili: jibu likiwa chanya utafanya nini, na likiwa hasi utaacha nini? Akisema matibabu yatabaki yaleyale, una haki ya kusubiri.

"Damu ni damu, ichukuliwe siku yoyote"

Upasuaji wenyewe hujeruhi seli zenye afya, nazo humwaga DNA nyingi inayofunika ile ya uvimbe. Kwa hiyo husubiriwa wiki kadhaa. DYNAMIC ilipima wiki ya 4 na ya 7. Tyubu nayo ina mambo yake. Ya kawaida yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, inatakiwa kuzungushwa ndani ya saa chache, wakati zile maalumu huvumilia siku kadhaa. Ya kawaida ikilala mezani hadi asubuhi, seli nyeupe hupasuka na kumwaga DNA yake humo ndani, na kile kipande kimoja katika 10,000 kinazidi kuzama.