Matembezi Peke Yake Hayamtoshi Mzee

Mzee anayetembea kila asubuhi, iwe msitu wa Karura jijini Nairobi au mtaani kwake, anautendea moyo wake mema na asiache. Ila mwendo wa tambarare haumpi nguvu ya kuinuka kwenye sofa la chini wala ya kupanda ngazi ya matatu. Misuli hupungua taratibu tangu ujana ukiisha, na baada ya miaka 60 hupungua kwa kasi zaidi. Zinazotangulia kusinyaa ni nyuzi zinazovuta upesi, zile zinazomdaka mtu akijikwaa. Kijana hupepesuka akasimama. Shosho akijikwaa papo hapo huanguka, akavunjika nyonga.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka waliofikisha miaka 65, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba siku 3 au zaidi. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Naumia nikisikia watoto wakisema, “Amezeeka, mwache akae.” Mwaka 1990, huko Boston, wazee dhaifu wa miaka 90 hivi walizoezwa miguu kwa uzito kwa wiki 8, na nguvu zao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174.

Anza kwa kupima. Egemeza ukutani kiti kigumu cha kimo cha sentimita 43 hivi. Mzee akae katikati, mikono aipishanishe kifuani, asimame wima kabisa na kuketi tena, huku ukihesabu kwa sekunde 30. Katika umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamke asiyefikisha 10 na mwanamume asiyefikisha 12 wako chini ya wastani, na hatari ya kuanguka iko juu. Akijisukuma kwa mikono, andika sifuri.

Kipimo hicho ndicho zoezi lenyewe: raundi 2 za mara 8, siku 3 kwa wiki, akipumzika siku moja katikati. Visigino virudi nyuma kidogo ya magoti, kisha kifua kiiname mpaka kichwa kifike juu ya vidole vya miguu. Wengi hukosea hapa. Huinuka mgongo ukiwa wima, uzito ukabaki nyuma, wakarudi kitini kwa kishindo. Kuketi nako kuwe polepole, moja, mbili, tatu. Anayejitupa amepoteza nusu ya faida. Asibane pumzi, maana presha hupanda ghafla; aitoe anapoinuka. Akishindwa, inua kiti kwa blanketi iliyokunjwa ikakazana. Akiongeza hadi mara 12 nazo zikimwia rahisi, akumbatie pakiti ya unga ya kilo 2.

Kisha asimame karibu na sinki, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10, halafu abadilishe. Avae viatu vilivyofunga kisigino, malapa huteleza.

Anayetumia dawa za presha aketi kidogo kabla ya kuondoka, kizunguzungu kisimwangushe. Wa insulini apime sukari kwanza na awe na kitu kitamu karibu. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Goti likivimba, punguza. Kifua kikibana au akitaka kuzimia, aache papo hapo na apelekwe hospitali.