Je, wajua flavonoidi, kemikali ya asili ya mmea, inaweza kumpokonya bakteria wa tumbo silaha bila kumuua?

Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kwa makusudi mchanganyiko uliojaa bakteria aina ya Helicobacter pylori, ili kuthibitisha kwamba ndiye anayeleta ugonjwa wa tumbo. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na tumbo lake limeshapata mchochota, yaani uvimbe na muwasho wa ukuta wake. Ukaidi huo ulilipa: mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, mwaka 1994, bakteria huyo alikuwa ameshaorodheshwa rasmi miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Lakini anasababishaje saratani, ilhali mara nyingi haingii hata ndani ya seli? Hujibandika kwenye ukuta wa tumbo, kisha hutumia kifaa mfano wa sindano kuichoma seli na kuisukumia protini iitwayo CagA. Protini hiyo ikishaingia huvuruga mawasiliano ya seli. Ukitazama kwa hadubini utaona seli iliyokuwa ya mviringo imejinyoosha, ikawa ndefu na nyembamba. Pamoja na hayo, seli hupiga mbiu ya hatari kwa kumwaga intaleukini-8, kemikali inayoziita chembe nyeupe za damu. Mchochota ukidumu miaka mingi, baadhi ya watu (wachache tu kati ya walioambukizwa) huishia na saratani.

Hapo ndipo inapoingia kemferoli, flavonoidi iliyomo kwenye majani ya chai na brokoli. Watafiti walichukua seli za AGS, zilizotokana na saratani ya tumbo ya mgonjwa, wakaziambukiza bakteria, kisha wakazitia kemferoli. Kwa nini seli za saratani? Kwa sababu huendelea kugawanyika kwenye sahani ya maabara, wakati seli za kawaida za tumbo hufa mapema. Kwa hiyo jaribio hili halikuwa la kuua saratani, ingawa vichwa vya habari hupenda kulisoma hivyo.

Kilichoonekana ni kwamba CagA iliyoingia kwenye seli ilipungua, na VacA, sumu nyingine ya bakteria huyo, ikapungua vilevile. Intaleukini-8 nayo ikashuka. Bakteria alikuwa anatengeneza kwa uchache vipuri vya mitambo yake ya kusafirishia sumu. Yupo hai, ila sindano yake imekuwa butu. Kwangu mimi hili ndilo linalovutia zaidi, maana antibiotiki zinazomuua zinazidi kukutana na bakteria sugu.

Hata hivyo, anayeumwa hutibiwa bado kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Matokeo ya maabara hayahamii tumboni moja kwa moja: kwenye sahani, seli huloweka saa kadhaa ndani ya kipimo maalumu cha kemferoli tupu. Tumboni kuna ute, asidi na msukosuko usiokoma, na kwenye mmea wenyewe kemferoli huwa mara nyingi imefungamana na sukari, kwa hiyo si molekuli ileile iliyomiminwa maabara.