Mnaosomea ubingwa wa neva, kliniki ya MS si mahali pa kuaga wagonjwa

Tangu kampeni ya Mei 30, Siku ya MS Duniani, kitengo chetu cha mafunzo kimepokea maswali mengi kutoka kwa madaktari wanaosomea ubingwa wa mfumo wa neva. Maombi ya kuja kujifunza maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, ni machache. Wengi hukimbilia kiharusi na kifafa, na sababu tunayopewa ni moja: "Huko mnautaja ugonjwa tu, tiba hamna."

Ilikuwa kweli zamani. Daktari Mfaransa Charcot aliueleza ugonjwa huu mwaka 1868, na kwa zaidi ya miaka mia moja daktari aliutaja kisha akabaki kutazama. Mwaka 1993 dawa ya interferoni beta iliidhinishwa Marekani, 2017 ikapatikana dawa ya aina ya MS inayozidi kuwa mbaya polepole tangu mwanzo, na 2023 Shirika la Afya Duniani likaingiza kladribini, glatirama na rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu. Dawa za kuupunguza makali zimezidi kumi na tano. Anayeendelea kusema hakuna tiba, tunamwomba walau asiwafundishe wadogo zake.

Hakuna dawa inayouponya; hilo halina ubishi. Lakini mgonjwa wa MS kwa kawaida huanza kuugua akiwa na miaka 20 hadi 40, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Ukimpokea leo jicho likiwa limefifia, utakuwa naye anapotafuta kazi, anapouliza kama anaweza kubeba mimba akiwa kwenye dawa, na anapochoka uchovu ambao nyumbani wanauita uvivu. Ni uhusiano wa miongo. Wasiopenda kufuatilia wagonjwa muda mrefu waseme mapema.

Sasa utaratibu. Kabla ya kuanzisha rituksimabu au okrelizumabu, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, fomu ya kuanzisha dawa lazima ionyeshe majibu ya homa ya ini aina ya B, kwa sababu virusi vilivyolala vinaweza kuamka. Chanjo za virusi hai zikamilike walau wiki nne kabla ya okrelizumabu. Fingolimodi, dawa inayoweza kupunguza kasi ya moyo: dozi ya kwanza mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa saa sita, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipimwa kila saa; ni saa sita, si tano na nusu. Natalizumabu: pima kingamwili za virusi vya JC, vinavyoweza kuleta maambukizi hatari ya ubongo kwa anayeitumia, na zisipoonekana kipimo hurudiwa kila miezi sita. Kwetu, fomu yenye pengo hurudishwa. Ikirudi mara ya pili, mgonjwa huyo hahesabiwi kwenye daftari lako la mafunzo. Mara ya tatu huandiki dawa hadi ukae na msimamizi.

Jambo linalotuchosha zaidi ni barua za rufaa zinazosema "MRI ina madoa meupe, MS." Kipandauso huacha madoa. Shinikizo la damu huacha madoa. Hata umri. Vigezo vya McDonald, vinavyotumika kuthibitisha MS, viliwekwa 2001 kwa mgonjwa mwenye dalili zinazofanana na za MS, havikuwekwa kwa ajili ya kuchambua picha ya kila anayeumwa kichwa. Mpime mgonjwa kwanza.

Anayetaka kuonja kabla ya kuomba, msimamizi wake atuandikie; nusu siku ya kukaa kliniki haihitaji fomu. Njoo na nyundo yako ya rifleksi, zetu huazimwa zisirudi.