Tapu iliyokatikia ndani ya tundu: tambua kwanza chuma kipi kiko wapi

Tapu, yaani kile chombo cha kukatia hesi au nyuzi ndani ya tundu, ikikatikia ndani ya kipuri humwacha fundi na tatizo la pekee, kwa kuwa kipande kilichobaki ni kigumu kuliko karibu kila chombo kilichomo katika karakana ya nyumbani. Bolti iliyokatika hutobolewa katikati kwa biti ya kawaida, ikapunguzwa nguvu, kisha ikatolewa. Tapu haikubali kutobolewa hivyo. Tapu nzuri, ile iliyopigwa herufi HSS kwenye shina lake, ni feleji iliyochanganywa na tangisteni au molibdeni pamoja na kromiamu na vanadiamu, ikapikwa kwa moto hadi kufikia ugumu wa takriban 62 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell C. Biti za keekee tunazozinunua madukani zimetengenezwa kwa feleji ya jamaa hiyohiyo, na kwa hiyo biti inapokutana na tapu, inayoharibika ni biti, au biti huteleza pembeni na kuanza kula chuma laini cha kipuri, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kwa miaka niliyofanya kazi ya kukereza na kutengeneza vipuri, nimefikia msimamo mmoja ambao ninautetea popote: njia ya kuondoa tapu haichaguliwi kwa kuangalia vyombo ulivyo navyo, bali kwa kujua tapu ni chuma gani na kipuri ni chuma gani. Mtu akishayajua hayo mawili, njia zilizobaki huwa chache, na mara nyingi iliyo bora ni ile isiyotumia nguvu kabisa.

Kabla ya yote, acha kuzungusha. Tapu haikwami kwa sababu ya hesi zenyewe. Hukwama kwa sababu chembe za chuma zimejaa kwenye mifereji yake na kukaza kama kabari, na kila unapoilazimisha kurudi nyuma unazisukuma chembe hizo chini ya makali ya tapu. Safisha tundu kwanza. Zitoe chembe kwa sindano ngumu na sumaku, au kwa upepo wa kompresa ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho, kisha tia mafuta mepesi na uyaache yapenye. Ikiwa kipande kimechomoza juu hata kwa milimita chache, kikamate kwa plaizi ya kujifunga na ukitikise mbele kidogo na nyuma kidogo, mara nyingi, bila pupa. Kusogea mbele kwa upana wa unywele tu huzilegeza chembe zilizobana, na baada ya hapo kipande hurudi chenyewe kwa nguvu ya vidole. Hii ndiyo njia inayofaulu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wengi huikosa kwa sababu hukimbilia nyundo.

Ikiwa tapu imekatika sawasawa na uso wa kipuri au chini yake kidogo, kuna chombo kilichobuniwa kwa kazi hiyo, chenye vidole vyembamba vya chuma vinavyoingia kwenye mifereji ya tapu na pete inayovishika vidole hivyo karibu na mdomo wa tundu. Kampuni ya Walton ya Marekani ni maarufu kwa vyombo hivi, na huuzwa kwa tapu za mifereji miwili, mitatu au minne, hivyo ihesabu mifereji kabla ya kununua. Asiyekuwa nacho anaweza kusaga misumari ya zege kwenye jiwe la kunolea, taratibu na kwa kuichovya majini mara kwa mara ili isipoteze ugumu, mpaka iingie kwenye mifereji, kisha akaibana yote kwa kipande cha bomba jembamba. Vidole hivi havistahimili nguvu kubwa. Kazi yake ni kutikisa na kurudisha kipande ambacho tayari kimelegea, na ukihisi vinapinda, simama.

Kuna chombo kingine ambacho sishauri hata kidogo kitumike hapa, nacho ni kile chenye umbo la koni na hesi za kushoto kinachotumika kutoa bolti zilizokatika. Chombo hicho kinahitaji tundu lililotobolewa katikati ya kipande, na tapu haitoboleki kwa biti ya kawaida. Isitoshe, chenyewe ni kigumu na dhaifu kwa kupindwa. Kikikatikia ndani, utakuwa na vipande viwili vigumu badala ya kimoja.

Sasa tuje kwenye hali ninayoletewa zaidi kuliko nyingine zote: tapu ya M6, yaani ya hesi zenye kipenyo cha milimita 6, iliyokatikia kwenye mfuniko wa injini ya bodaboda. Mifuniko hiyo ni ya alumini ya kumimina, bolti zake nyingi ni za M6, na hesi za alumini huchakaa kwa kufunguliwa na kufungwa kila wakati, hivyo fundi hujaribu kuzifufua kwa tapu, nayo ikakatika. Hapa nguvu ni adui. Ukuta wa alumini unaozunguka tundu huwa mwembamba, na pigo moja la tindo hutosha kuupasua. Moto nao hauna nafasi: feleji ya HSS hubaki ngumu hata ikipashwa hadi kukaribia nyuzi 600 za Selisiasi, wakati alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 na hupoteza nguvu zake mapema zaidi ya hapo.

Dawa ya hali hii ni shabu. Ninasema shabu ileile inayouzwa kwenye maduka ya viungo na dawa za asili, ambayo watu huitumia kutuliza maji yenye tope na vinyozi hupaka usoni baada ya kunyoa. Ikiyeyushwa katika maji ya moto hufanya asidi hafifu yenye salfeti, na asidi hiyo hula chuma cha tapu taratibu huku ikiiacha alumini karibu bila kuigusa. Mafundi wa saa wameitumia njia hii kwa muda mrefu kutoa skrubu ndogo za feleji zilizokatikia kwenye sahani za shaba, kwa kuwa shaba nayo haidhuriki. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hesi zilizokwisha kukatwa hubaki zilivyo, jambo ambalo hakuna njia ya kutoboa inayoweza kuliahidi.

Namna ya kufanya ni hii. Ng'oa kwanza kila kitu cha chuma kilichomo kwenye kipuri: beringi, pini za kuelekezea, springi, bolti nyingine zilizobaki. Usipofanya hivyo, navyo vitaliwa pamoja na tapu, na pini iliyoliwa nusu ni vigumu sana kuing'oa baadaye. Chukua chombo cha kioo kinachostahimili moto au sufuria kuukuu ya alumini ambayo haitarudi jikoni tena. Usitumie chombo cha chuma. Pasha maji mpaka yakaribie kuchemka, tia shabu iliyopondwa na uendelee kuongeza huku ukikoroga, mpaka uone haiyeyuki tena. Zamisha kipuri mdomo wa tundu ukiwa juu ili mapovu yapate kutoka, na udumishe joto la chini bila kuacha maji yakauke. Baada ya muda mfupi utaona mapovu membamba yakipanda kutoka kwenye tapu, na hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea. Mapovu hayo ni haidrojeni, ambayo hushika moto, kwa hiyo fanya kazi hii nje, penye hewa ya kutosha, tena kwa jiko la umeme kuliko la moto wazi.

Subira inahitajika. Tapu za bei nafuu za chuma cha kaboni huisha mapema, lakini HSS, kwa sababu ya kromiamu na tangisteni yake, huweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima au zaidi. Kila baada ya saa kadhaa kitoe kipuri, kisuuze, na ukwangue masizi meusi yaliyofunika tapu, kwa kuwa masizi hayo huzuia maji ya shabu yasiifikie; maji yakibadilika rangi na mapovu yakapungua, tengeneza mapya. Si lazima tapu iishe yote. Ikishaliwa upana wake vya kutosha, hulegea, na hapo ukiigusa kwa sindano hutoka kama kipande cha kutu.

Lakini njia hii ina mipaka ambayo ni lazima iheshimiwe. Kwanza, kipuri cha chuma cha aina yoyote kitaliwa pamoja na tapu, na hapa sumaku ndiyo hakimu: ikivutwa na kipuri, weka shabu pembeni. Pili, si kila chuma cheupe na chepesi ni alumini. Baadhi ya mifuniko ya injini na miili ya misumeno ya injini ni ya magnesiamu, na kabureta nyingi ni za mchanganyiko wa zinki. Metali hizi mbili huliwa na asidi. Kwangua sehemu iliyofichika kwa tupa na udondoshe tone la siki: magnesiamu hutoa mapovu papo hapo, alumini hutulia. Zinki hujulikana kwa uzito wake, kwani kwa ujazo uleule ina uzito wa takriban mara mbili na nusu ya alumini.

Kipuri kikiwa cha chuma, chaguo huwa jingine kabisa. Kwa tapu kubwa, kuanzia M8 kwenda juu, iliyokatika karibu na uso, unaweza kuweka nati juu yake na kuchomelea kupitia katikati ya nati hiyo. Joto hulegeza tapu, na nati hukupa mahali pa kushika spana. Mchomeleo unaoshikana na HSS huwa dhaifu na hupasuka kirahisi, kwa hiyo acha upoe kabisa, kisha anza kutikisa mbele na nyuma bila kuvuta kwa nguvu moja. Ukivunjika, chomelea tena.

Njia nyingine ni kuitoboa tapu kwa kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko HSS. Hapa kinachoamua ni uimara wa mashine: kipuri kibanwe kwenye jiliwa, jiliwa libanwe kwenye meza ya keekee ya kusimama au mashine ya milingi, na biti iwe fupi kadiri inavyowezekana. Kabaidi haivumilii mtikisiko, na keekee ya mkononi itaivunja mara moja. Biti za zege zina ncha ya kabaidi, na nimeona zikifanya kazi hii vizuri baada ya kunolewa upya kwa jiwe la almasi. Lenga kiini cha tapu tu, kile kinachounganisha makali yake. Kikiisha, makali hubaki vipande vilivyojitenga ambavyo huchokolewa kimoja kimoja. Ikiwa tundu limepenya upande wa pili na kipuri ni kinene, tapu inaweza pia kuvunjwavunjwa kwa senta panchi ngumu. Vipande vyake huruka kwa kasi na ni vikali, kwa hiyo miwani si hiari, na asiyehusika asisimame karibu.

Ipo mashine isiyojali ugumu wa chuma hata kidogo, nayo ni ile inayomomonyoa chuma kwa cheche za umeme. Mwaka 1943, wanandoa wa Kisovieti Boris na Natalya Lazarenko, waliokuwa wakichunguza jinsi cheche zinavyokula ncha za swichi za umeme, waliugeuza uharibifu huo kuwa njia ya kuchonga chuma. Huko Marekani, katika miaka hiyohiyo ya vita, Harold Stark, Victor Harding na Jack Beaver walitengeneza mashine yao ya cheche kwa kusudi hasa la kuondoa biti na tapu zilizokatikia kwenye vipuri vya alumini. Yaani tatizo letu hili ni miongoni mwa sababu za kuzaliwa kwa teknolojia nzima. Viwanda vinavyotengeneza kalibu za plastiki huwa na mashine hizi, na kwa kipuri cha chuma cha bei kubwa ni busara kuuliza gharama yao kabla ya kushika keekee.

Tundu likishakuwa tupu, lisafishe na upitishe tapu mpya kwa mkono. Kwa alumini tumia mafuta ya taa kama kilainishi, na urudi nyuma nusu mzunguko kila unapohisi uzito. Kwa hesi za M6, tundu la kuanzia la milimita 5.0 hutoa takriban asilimia 77 ya kina kamili cha hesi. Ukitoboa kwa milimita 5.2 hupata kama asilimia 62, na tapu huzunguka kwa wepesi mkubwa. Hesi zikiwa zimeharibika, toboa kwa milimita 6.3, kata kwa tapu maalumu ya Heli-Coil, na uingize springi yake ya hesi, ambayo hustahimili kufunguliwa na kufungwa kuliko alumini tupu. Bolti ya M6 kwenye mfuniko wa injini ndogo hukazwa kwa takriban Nyutoni-mita 10. Ikaze kwa spana ya kupimia nguvu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mafuta yaliyobaki chini ya tundu lisilopenya, kwa kuwa mafuta hayabanwi na bolti ikiyasukuma yanaweza kuupasua ukuta uleule uliojitahidi kuuokoa.