Virusi viko kooni, kichwa kinavurugikaje?

Mzee ana kikohozi na homa tangu juzi. Usiku wa kuamkia leo kaanza kuweweseka, anamwita kaka yake aliyekwisha kufariki, na asubuhi anasinzia huku watu wakimsemesha. Wanaomleta huniuliza karibu kwa maneno yale yale: "Daktari, mafua yamempanda kichwani?"

Mimi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na mara nyingi hujibu kwamba hayajapanda. Hata kwa mtoto aliyepoteza fahamu kwa homa ya mafua, tukichota maji ya uti wa mgongo tukayapima, ni nadra kuvikuta virusi vyenyewe humo. Ubongo umeumia, mvamizi hayumo.

Kinachofika ni taarifa. Njia ya hewa ikivamiwa, mwili hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya kwamba kuna kundi dogo la neva, lenye miisho yake nyuma ya pua na koo, linaloitambua kemikali hiyo na kupeleka habari moja kwa moja kwenye shina la ubongo. Panya walioondolewa neva hizo waliugua homa ya mafua kama wenzao, ila waliendelea kula na kunywa zaidi. Kumbe ule uchovu na kukosa hamu ya chakula ni uamuzi wa ubongo wenyewe. Ibuprofeni hutuliza kwa sababu inazuia prostaglandini zisitengenezwe, virusi haivigusi.

Njia ya pili ni damu. Saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga huitana kwazo, husambaa mwilini na zinaweza kulegeza ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Wapo wanaoleta hapa methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo. Naikataa, maana nyasi hizi nazo zinapigana: ubongo una seli zake za kinga, mikroglia, ambazo zikishtuliwa hutoa saitokini zao humo humo ndani. Ubongo wa kijana huvumilia siku chache za vurugu hiyo. Wa mzee, hasa kama kumbukumbu ilikwisha kudhoofika, huishia kwenye mkanganyiko, na oksijeni ikishuka au maji yakipungua mwilini mambo huharibika haraka.

Kwa watoto kati ya miezi 6 na miaka 5, homa inaweza kuleta degedege, ambayo kwa kawaida hupita bila kuacha alama. Aspirini ni jambo jingine: mtoto mwenye homa ya mafua au tetekuwanga asipewe, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na kuvimbisha ubongo.

Halafu ikaja UVIKO-19. Watu walipopoteza uwezo wa kunusa ghafla, wengi tulidhani virusi vimeingia kwenye neva za pua na vinapanda nazo. Utafiti wa 2020 ukatusahihisha: ACE2, protini ambayo virusi hivi huifanya mlango, haipo kwenye neva za kunusa zenyewe, ipo kwenye seli zinazozishikilia na kuzilisha. Mlishaji akianguka, mlishwaji hunyamaza.

Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya Uingereza: watu 785 walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI mara mbili, na 401 kati yao waliambukizwa UVIKO-19 kati ya picha ya kwanza na ya pili. Hao, kuliko wasioambukizwa, walionyesha upungufu zaidi wa ubongo, wa kati ya asilimia 0.2 na 2, katika sehemu zinazohusika na harufu na kumbukumbu. Magazeti yakatangaza kwamba ubongo unasinyaa. Binafsi sikushtuka sana: ni wastani wa kundi, na sehemu iliyonyimwa harufu kwa miezi inaweza kupungua kwa kukosa kazi. Ila anayeniambia anarudia ukurasa mmoja mara tatu haushiki, simwambii ni mawazo yake tu.

Vipo virusi vinavyopanda kweli. Surua huingia kwa njia ya hewa, na kwa wachache hujificha ubongoni miaka 7 au hata 10 kabla ya kuuharibu hadi kifo.

Kwa yule mzee, naanza na oksijeni, maji, kifua, na orodha ya dawa zake, maana baadhi ya dawa za usingizi humvuruga zaidi. Naomba pia aletewe miwani yake, atambue alipo na walio mbele yake. Wakati mwingine mkanganyiko hutangulia kikohozi kwa siku nzima, na mgonjwa huwa amekwisha kuambiwa nyumbani kwamba ni uzee.