Skizofrenia sugu: kilicho sugu ni nini hasa?

Mtu akilazwa mara ya tatu kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli, utasikia nduguze, na wakati mwingine hata watumishi wa wodini, wakisema, "Huyu ameshakuwa sugu." Neno hilo likishatamkwa, mengi husimama. Dozi haiangaliwi tena, dawa ni ileile ya mwaka juzi, na nyumbani anatengewa chumba cha uani.

Maana ya kitabibu ni fupi. Skizofrenia sugu kwa dawa ni ile ambayo dalili zake hazijapungua vya kutosha baada ya mgonjwa kutumia dawa mbili tofauti za saikosisi (yaani za kutuliza dalili kama hizo za kusikia sauti zisizokuwepo), kila moja kwa dozi ya kutosha, kwa muda wa kutosha, na kwa uhakika kwamba kweli ameitumia. Basi. Takribani mtu mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia hufikia hapo. Miaka ya ugonjwa haimo katika maana hiyo, wala idadi ya kulazwa, wala fujo.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kimelibebesha neno hili mizigo mitatu. Sugu ya asili ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganjani kwa mwenye kushika jembe au ya paji la uso kwa mwenye kusujudu sana. Kutoka hapo tukapata mdaiwa sugu na mhalifu sugu, yaani mtu asiyesikia onyo. Kisha ukaja ugonjwa sugu, ule unaokaa na mtu miaka mingi, kama kisukari au presha. Na sasa kuna usugu wa vimelea, ambapo dawa iliyokuwa ikiua kidudu haikiui tena. Mgonjwa wa akili hutupiwa maana zote tatu kwa mpigo: ameumwa siku nyingi, dawa hazimwezi, na ni mkaidi. Ile ya kwanza inaweza kuwa kweli bila ya pili. Mtu anaweza kuishi na skizofrenia miaka 20 akiwa anaitikia dawa vizuri kila anapoipata. Na mwingine anaweza kuwa sugu kwa dawa tangu mwaka wa kwanza wa kuugua, akiwa na umri wa miaka 19, mpole na msikivu, anayemeza vidonge vyote anavyopewa. Ya tatu haina nafasi kabisa hapa.

Aliyefanya kazi kubwa ya kulitoa neno hili kwenye hisia na kulipeleka kwenye vipimo ni John Kane, daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa New York, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti ameifanyia Hillside, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Glen Oaks. Ukizifuata tafiti zake kwa mpangilio wa miaka, unaona swali moja likirudi: huyu hajapona kwa sababu dawa imeshindwa, au kwa sababu dawa haikumfikia ipasavyo?

Mwaka 1983 alichapisha utafiti kuhusu dozi. Wagonjwa waliokwisha kutulia, waliokuwa wakichomwa flufenazini, ile sindano ya muda mrefu, waligawanywa: wengine wakaendelea na dozi ya kawaida, wengine wakapewa moja ya kumi tu ya dozi hiyo. Mwaka ulipokwisha, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 56 ya wale wa dozi ndogo, na asilimia 7 tu ya wale wa dozi ya kawaida. Dawa ni hiyohiyo na ugonjwa ni huohuo. Mtu aliyekutana na kundi la kwanza bila kujua miligramu zao angeweza kudhani amewakuta wagonjwa "sugu".

Kisha ukaja utafiti wa 1988 kuhusu klozapini, dawa nyingine ya saikosisi. Dawa hii ilikuwa na sifa mbaya: mwaka 1975 nchini Finland wagonjwa 8 walikufa baada ya chembe nyeupe za damu yao kuporomoka. Ili kuirudisha kwenye matumizi, ilibidi kuonyesha kwamba inawasaidia watu ambao hakuna dawa nyingine inayowasaidia. Kwa hiyo Kane na wenzake walilazimika kuthibitisha usugu kwanza, na ninashauri kila anayelitumia neno hili asome walivyofanya. Mgonjwa hakuingia kwa kuwa faili lake ni nene. Alitakiwa awe amepitia angalau vipindi vitatu vya matibabu ndani ya miaka mitano, kwa dozi kubwa, kila kimoja kwa wiki sita, bila nafuu ya maana. Hata hapo hawakuliamini faili. Walimpa haloperidoli, dawa ya zamani ya saikosisi, kwa wiki sita wakimwangalia wao wenyewe. Walioitikia hawakufika 2 kati ya 100. Waliobaki, 268, ndio waliogawanywa kwa kura: klozapini upande mmoja, klopromazini, nayo dawa ya zamani, upande wa pili. Baada ya wiki sita walioonyesha nafuu kwa klozapini walikuwa asilimia 30, na kwa klopromazini asilimia 4. Mwaka uliofuata Marekani ikairuhusu klozapini.

Vigezo vinavyotumika sana leo vilichapishwa mwaka 2017 na kundi la watafiti wa kimataifa, Kane akiwamo. Kwa kila moja ya zile dawa mbili, muda usipungue wiki sita, dozi ya siku isiwe na nguvu pungufu ya ile ya miligramu 600 za klopromazini, na mgonjwa awe ametumia angalau asilimia 80 ya dozi alizoandikiwa. Weka hesabu hizo mezani. Anayemeza kidonge kimoja cha klopromazini cha miligramu 100 kila usiku yuko kwenye moja ya sita ya kiwango hicho. Kwake dawa haijashindwa kwa sababu haijajaribiwa. Wiki sita ni usiku 42. Akiruka usiku 9, ameshuka chini ya asilimia 80 na jaribio halihesabiki. (Hii si ruhusa ya kumwongezea mtu vidonge nyumbani. Dozi hupandishwa na daktari, polepole, huku akichunguza kukakamaa kwa misuli, mitetemeko na kushuka kwa presha.)

Kumeza nako hakukisiwi kwa kuuliza tu, "Unakunywa dawa?" Kundi hilo lilitaka kiwango cha dawa kwenye damu kipimwe angalau mara moja, na likapendekeza kwamba, inapowezekana, mojawapo ya yale majaribio mawili iwe sindano ya muda mrefu kwa miezi isiyopungua minne, kwa sababu sindano ama imechomwa au haikuchomwa, na kadi inaonyesha. Kabla ya kusema sugu huangaliwa pia bangi, mirungi na pombe, kifafa, maambukizi ya ubongo, matatizo ya tezi ya shingoni, na kama utambuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Wengi wanaoitwa sugu huishia kwenye mojawapo ya mambo haya.

Na yule ambaye ni sugu kweli? Hapo ndipo neno linapoumiza zaidi likitumiwa vibaya, kwa sababu kitabibu lina kazi moja: kufungua mlango wa klozapini. Kumchanganyia dawa tatu za zamani kwa pamoja si jibu. Klozapini huanza na miligramu 12.5, kisha hupandishwa taratibu, kwa kawaida hadi 300 au 450 kwa siku. Neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, hupimwa kabla ya kuanza, halafu kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Weusi wengi wana neutrofili chache kwa maumbile bila madhara yoyote, na mwongozo wa Marekani umewawekea kiwango chao, 1,000 badala ya 1,500 kwa mikrolita, ili wasinyimwe dawa bure. Homa katika wiki za mwanzo ni ya kuwahi hospitali. Choo kigumu si jambo dogo, kwani utumbo unaweza kusimama na mtu akafa. Akikosa dawa kwa siku mbili, harudii dozi yake ya zamani. Anaanza tena chini. Na mvutaji akiacha sigara ghafla, dawa hupanda kwenye damu yake, hivyo daktari aambiwe mapema.

Kwa hiyo ndugu wakisikia "sugu" wodini, waulize kwa heshima: ni dawa zipi mbili, miligramu ngapi kila moja, kwa wiki ngapi? Waende na kadi ya kliniki na pakiti za vidonge, hata zile tupu. Kama majibu yapo, swali linalofuata ni lini klozapini itaanza na damu itapimwa wapi. Kama hayapo, bado ni mapema kumwita hivyo. Wamwombe daktari jaribio lianze upya, na tarehe ya dozi ya kwanza iandikwe kwenye kadi.